Muulizeni kuhusu c3

Jumamosi moja Gikomba, nyuma ya vibanda vya mitumba, watoi wawili walicheza fainali ya chesi ya mtaa. Mweupe alianza na e4. Mweusi akajibu c5: Sisilia.

Kwa wasioicheza: ukijibu e5, umekubali kugawana katikati sawa kwa sawa. c5 inakataa. Inaipiga katikati kutoka ubavuni, na inakubali hatari. Hii yao ikawa Dragoni, mojawapo ya Sisilia kali zaidi. Mweupe alimficha mfalme upande wa malkia, akawatuma askari wa upande wa pili wamkimbilie mfalme mweusi. Hapo ni mbio tu; ukichelewa hatua moja, umekwisha.

Mweusi akatoa ngome, akala farasi pale c3. Kwa hesabu ya sokoni, hiyo ni hasara. Lakini ukuta wa mfalme mweupe ukabomoka, na mchezo ukaisha hapo hapo, manze.

Mgeni mmoja akainama na kamera. Nikadhani anapiga ubao. Kumbe anapiga viatu vya mshindi. Swali lake la kwanza: "Umekula leo?"

Nimechoka na swali hilo. Wengi walioona filamu ya Queen of Katwe ya 2016 watakuambia Phiona Mutesi wa Kampala aliuza mahindi. Waulize alicheza ufunguzi gani, watanyamaza. Bobby Fischer naye aliacha shule akiwa na miaka 16, lakini yeye husomwa kwa hatua zake. Sisi tunasomwa kwa njaa yetu. Na mimi niliyeacha chuo najua vile watu wakishajua hilo, hawakusikilizi tena, wanakuhurumia.

Mtaniambia huruma ndiyo inaleta mabodi na saa. Ni kweli, na njaa ipo, siikatai. Lakini mtoi akiulizwa kuhusu tumbo kila akishinda, anajifunza kwamba tumbo lake lina bei kuliko kichwa chake. Kesho atafanya mazoezi ya kuhuzunisha, si ya Dragoni.

Kwa hivyo ukija Gikomba, mnunulie chapo kama una roho safi, bila kamera. Halafu muulize kwa nini alitoa ngome. Vuta kiti, buda. Jibu ni refu.