Vidole vinavyosoma
Siku hizi wengi husema asiyeona anatosheka na simu inayozungumza. Si kweli. Ndani ya daladala ya Mabibo, muziki umefunguliwa hadi mwisho, simu hiyo haisikiki. Na ikisikika, abiria wa pembeni naye anajua salio lako. Nukta nundu, zile nukta 6 alizozipanga kijana Louis Braille mwaka 1824, husomwa kimya kwa vidole, hata umeme ukikatika. Kibandiko chake kwenye kopo hutenganisha chumvi na sukari. Kwenye chupa, dawa ya asubuhi na ya usiku. Anayezisoma huijua na tahajia, ambayo sauti peke yake haifundishi. Watoto wasioona wa shule za Uhuru Mchanganyiko na Buigiri wanazisoma darasani. Maduka yetu ya dawa yaanze kuzibandika, tena mapema.