Jerundi ya Kihispania na Mwanafunzi Msemaji wa Kiswahili

Kijana wa Sigi, penye kituo cha wageni cha Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, anayetaka kuwaongoza watalii kwa Kihispania, huenda akalazimika kutumia kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza. Humo ataelezwa kwamba jerundi ni sawa na umbo la Kiingereza lenye kiishio "-ing". Akitatizika, ataonekana hana kipaji cha lugha, kumbe aliyepotea ni mwandishi wa kitabu. Kiswahili chake mwenyewe kingemfikisha karibu zaidi.

Uundaji wenyewe si mgumu. Vitenzi vyenye "-ar" huchukua "-ando": "cantar", yaani kuimba, huwa "cantando". Vyenye "-er" na "-ir" huchukua "-iendo": "comer" (kula) huwa "comiendo", na "subir" (kupanda) huwa "subiendo". Maumbo kama "leyendo", kutokana na "leer" (kusoma), yanaweza kungoja.

Ugumu umo katika matumizi. Neno la Kiingereza "walking" laweza kuwa tendo linaloendelea au jina la tendo. Kihispania hutenga mawili hayo, na Kiswahili vivyo hivyo. "Kutembea msituni ni kuzuri" ni "Caminar por el bosque es bueno": kitenzi-jina kwa kitenzi-jina, wala jerundi haina nafasi hapo. Lakini "Walishuka Sigi wakiimba" ni "Bajaron a Sigi cantando". Kiambishi "-ki-" ndicho kinachobeba kazi ya jerundi, ila "akiimba" na "wakiimba" hutofautiana kwa nafsi, ilhali "cantando" haibadiliki.

Ulinganisho huu una mipaka, na mwalimu asiifiche. Katika "Mvua ikinyesha hatutapanda Amani", "-ki-" ni ya sharti, na Kihispania hutumia "si": "Si llueve, no subiremos a Amani". Aidha, "-na-" ni pana kuliko "estar" ikifuatwa na jerundi. "Mvua inanyesha sasa" ni "Está lloviendo ahora", lakini mto Sigi unaoshuka milimani daima hutosheka na "baja". "Ninasafiri kesho" nayo ni "Viajo mañana". Kijana atakayesema "Estoy viajando" angali ameketi Sigi atamfanya mgeni wake adhani tayari yuko njiani.