Kukomba Umbo Mango: Hoja ya Istilahi

Katika usanifu kwa kompyuta, mchoraji huteua uso mmoja wa umbo mango, akataja unene wa ukuta, nayo programu ikaondoa kiini na kubakiza ganda. Tendo hili laitwaje kwa Kiswahili? Tukitohoa neno la Kiingereza tutapata "sheli", ambalo kwa Mtanzania ni kituo cha mafuta. "Kutoboa" nako hakutoshi, kwani hakugusi unene wa kinachobaki.

Twapendekeza "kukomba". Fundi wa kinu, awe Igwachanya au Makambako, hukamilisha kwanza umbo la nje. Kisha huingilia mdomoni, akakomba gogo huku akichunga ukuta usije ukapasuka. Kinu hufunguliwa uso mmoja, mzinga wa gogo nyuso mbili: programu nayo hudai uteuzi uo huo.

Huenda ikapingwa kwamba kukomba ni kumaliza vyote. La hasha, akombaye bakuli hulibakiza bakuli. Mwanafunzi wa ufundi apewaye neno geni hukariri amri tu. Apewaye neno la karakana huelewa kwa nini ukuta mwembamba huvunjika. Kwa hiyo, uundaji wa istilahi uanzie kwa mafundi, kabla ya kamusi za kigeni.