Usiniambie bei ya kichocheo, niambie kitadumu saa ngapi

Leo naweka programu kando kidogo tuongee kuhusu haidrojeni.

Kila baada ya muda nakutana na habari ya aina ile ile: watafiti wamepata kichocheo rahisi cha kutoa haidrojeni kwenye maji, tena hakina platinamu. Marafiki hunitumia wakishangilia. Mimi nimeacha kushangilia.

Sisemi tatizo halipo. Maji hutenganishwa kwa stima, na bila kichocheo kizuri stima nyingi hupotea bure. Mitambo mingi ya kisasa ina utando wenye asidi, na asidi hiyo hula nikeli na chuma. Ndiyo maana hutumia platinamu upande wa haidrojeni na iridiamu upande wa oksijeni. Iridiamu yote inayochimbwa duniani kwa mwaka ni kama tani 7 au 8 tu, nyingi kutoka Afrika Kusini.

Lakini sisi waandishi wa programu tunajua kwamba programu kufanya kazi mara moja kwenye mashine yako si sawa na kufanya kazi mwaka mzima bila kuanguka. Kichocheo kilichovumilia siku mbili maabarani bado hakijathibitisha kitu. Mtambo unatakiwa kudumu makumi ya maelfu ya saa.

Halafu kuna bili. Kilo moja ya haidrojeni inahitaji angalau uniti 39 za stima, na mitambo halisi hutumia 50 au zaidi. Kichocheo cha bure kinachokuongezea uniti 5 kwa kila kilo si cha bure hata kidogo.

Tena tunasahau kwamba mitambo isiyohitaji madini ghali ipo tangu zamani. Ni ile ya alkali, inayotumia nikeli na chuma. Kule Norway, kampuni ya Norsk Hydro ilitengeneza haidrojeni ya mbolea kwa njia hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa stima ya maporomoko ya maji.

Udhaifu wa mtambo wa alkali ni kwamba haupendi stima inayopanda na kushuka, kama ya jua au upepo. Sasa tazama Olkaria. Mvuke hutoka usiku na mchana, hata saa ambazo wateja wengi wamelala. Kama asilimia 40 ya stima ya Kenya hutoka kwa mvuke wa ardhini, na mbolea bado tunaiagiza ng'ambo. Mkakati wa haidrojeni ya kijani uliozinduliwa na serikali mwaka 2023 unaitaja mbolea hiyo.

Maoni yangu ni haya: tusingoje muujiza wa maabara, wala tusinunue mtambo wa iridiamu kwa sababu tu ni mpya. Tuanze na nikeli, na vyuo vyetu vishughulike kuifanya ile uniti chache zaidi. Na muuzaji akija na kichocheo cha bei poa, tumwulize: uniti ngapi kwa kilo, na saa ngapi kabla hakijafa?

Kama unaona nimekosea, nipinge. Ila njoo na hesabu.