Makbeth Hakurogwa

Mwalimu wa Kinondoni au Temeke anayewaeleza wanafunzi wake kwamba Makbeth aliponzwa na wachawi anawapotosha. Tafsiri ya S. S. Mushi ipo tangu mwaka 1968, na aifungue. Wachawi walimtabiria ufalme tu. Hakuna hata mmoja aliyemwagiza kumuua Mfalme Duncan, mgeni aliyelala nyumbani mwake, tena aliyekuwa amekwisha kumpandisha cheo. Banquo naye alitabiriwa kwamba kizazi chake kitatawala. Je, alimuua nani?

Wapo wanaomtwika mkewe lawama. Kweli, alimchochea. Lakini njama ya kumuua Banquo mume alimficha. Na watoto wa Macduff waliuawa kwa shauri la nani?

Uchu wa madaraka hauhitaji ramli. Obote alimpandisha Idi Amin hadi ukuu wa jeshi. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin akampindua, na damu ikamwagika Uganda kwa miaka minane. Darasa linalofundishwa kusingizia uchawi ndilo litakalotoa mtumishi wa umma ambaye, fedha za ofisi zikipungua mikononi mwake, atajitetea kwamba shetani alimpitia.