Uko Kwa iOS Beta? Usitoke na Mbio, Utalia!

Maze, kila mwaka ni story ileile. Apple wanatoa beta, wasee wanaikimbilia ndio waonekane wako mbele, halafu betri inaanza kuisha kabla ya lunch. iOS 26 ilikuwa hivyo: beta ya kwanza Juni 2025, toleo rasmi 15 Septemba.

Kuingia ni rahisi, ngori ni kutoka. Ukitaka kurudi toleo la zamani leo leo, lazima simu ifutwe yote kwa kompyuta. Na bekapu uliyofanya ukiwa kwa beta? Toleo la zamani linaweza kuikataa. Picha, meseji, namba za wateja, kwisha.

Njia safi ni kungoja. Fanya bekapu, ingia Settings, General, Software Update, Beta Updates, weka Off. Toleo rasmi likitoka linakuja kama apdeti ya kawaida, hakuna kitu inafutwa.

Wengi wanasahau hiyo Off. Wanadhani wametoka, kumbe beta ya 26.1 ilianza Septemba hiyo hiyo, na simu ikaimeza.

Kama una simu moja na ndiyo ofisi yako, beta waachie wenye mbili.