Paka wa Jaani Naye Apigwe Picha Nzuri

Leo hatukuja na pishi wala mshono. Tumekuja na ugomvi, na tunautangaza mapema ili asiyeutaka ajiondokee zake.

Maneno yanayotukera ni haya: "Watu hawana kula, nyinyi mnampiga picha paka!" Tunayasikia kila anapoonekana mtu kapiga magoti uchochoroni Mji Mkongwe na simu yake, anangoja mtoto wa paka ageuze uso. Wapita njia wanacheka, wanasema uzungu umemwingia. Basi na tuseme wazi: ile ni kazi. Na kwa paka asiye na mwenyewe, huenda ndiyo kazi itakayomtoa jaani kuliko sahani kumi za vichwa vya samaki.

Hakuna mtu anayetoka nyumbani kwake Mbweni akashuka mpaka soko la samaki Malindi kutafuta paka wa kulea. Haendi. Lakini simu anayo mkononi, na saa 3 usiku akishalaza watoto anaipitia. Hapo ndipo paka anapoingia ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza, kabla hajaingia kwa miguu yake. Wazee wetu walipopeleka picha ya binti Maskati kwa ajili ya posa hawakupeleka ile aliyopigwa akimenya vitunguu na khanga ya jikoni. Walimpeleka kwa mpigapicha, kavaa, katulia, anaonekana alivyo siku yake njema. Leo tunalijua hilo kwa kila kitu tunachouza kwenye simu, kuanzia mabuibui mpaka keki. Kwa paka tu ndipo tunaposema picha ni upuuzi.

Sasa ugomvi wetu mkubwa zaidi, na huu ni na wenzetu wenyewe wanaookoa wanyama. Msikasirike. Acheni picha za vidonda. Jicho linalotoka usaha, mguu uliovunjika, damu kwenye sakafu, na chini yake maneno "jamani huruma iko wapi". Tunajua mnatoka moyoni. Lakini tazameni kinachotokea: watu wanaweka alama ya machozi, wanaandika "masikini", wanapita. Labda mmoja anatuma pesa ya dawa, Mungu amlipe. Wa kumchukua hajitokezi, kwa sababu hakuna mtu anayetaka kulaza kile alichokiona kwenye jamvi la sebuleni kwake. Paka akishapona, ile picha haiponi. Inazunguka bado, na kila anayeambiwa kuna paka anatafuta nyumba anamkumbuka yule wa usaha. Picha ya kidonda mpelekeeni daktari wa mifugo, yeye ndiye ina kazi kwake.

Yupo mwanamke aliyelielewa hili vizuri kuliko wengi. Sophie Gamand, Mfaransa aliyehamia New York, alianza mwaka 2014 kuwapiga picha mbwa wa aina ya pit bull waliokuwa vituoni wakingoja mtu wa kuwachukua. Mbwa hawa ndio wenye jina baya kuliko wote. Uingereza iliwapiga marufuku kwa sheria ya 1991, na Marekani wanajazana vituoni kwa sababu watu wanawaogopa. Mwenyewe amekiri kwamba naye alikuwa akiwaogopa. Basi alifanya nini? Akawashonea mataji ya maua kwa mikono yake, akawavisha kichwani, akawapiga picha wametulia, macho yamelegea. Picha zilienea dunia nzima, mwishowe zikawa kitabu, na miongoni mwa mbwa hao wako waliopata nyumba.

Maua, dada zetu! Nani ajifanye haelewi? Sisi ambao hatutoki kwenda harusini bila asumini kichwani, tunaotunga vikuba na kuvitia kilua na mrehani, tunahitaji Mfaransa kutufundisha kwamba ua linabadilisha namna mtu anavyotazamwa? Hatusemi paka avishwe kikuba, hatokubali na atakukwaruza. Tunasema elimu hii tunayo, tena ya kurithi. Tunamnyima tu mnyama.

Lakini kuna mpaka, na hapa tunataka kueleweka. Kupamba si kuficha. Sote tumefundishwa madrasa kisa cha yule muuza nafaka sokoni Madina: Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono ndani ya lundo, vidole vikakuta unyevu chini ya nafaka kavu, akamkemea kwa kutoweka iliyolowa juu watu waione. Picha inayompiga paka chongo ubavuni ili jicho bovu lisionekane ni lundo lile lile. Atakayempokea atashtuka, atamrudisha, au atamfungia stoo. Na kisa cha mwanamke aliyemfungia paka, asimpe chakula wala asimwachie akajitafutie, hatuna haja ya kukirudia hapa. Mpige chongo wako uso kwa uso, kwa mwanga mzuri, kifua mbele, uandike: ana jicho moja, ana umri wa mwaka na nusu hivi, jike, kafungwa kizazi, kachanjwa, anaogopa watoto wadogo. Atakayempenda hivyo ndiye mwenyewe.

Na kwa wanaosema hawajui kupiga, ni mambo machache. Shuka mpaka macho yako yalingane na ya paka. Ukimpiga kutoka juu anakuwa kama kitu kilichoanguka sakafuni. Zima taa ya kamera, inamtisha na inamgeuza macho yawe ya shetani. Mweke karibu na dirisha au barazani asubuhi, jua halijawa kali. Toa ndoo, toa malapa, toa pempasi ya mtoto huko nyuma. Paka mweusi, ambaye masikini watu wengi humruka kwa ajili ya itikadi zao za uchawi, mtandikie khanga ya rangi nyepesi, maana juu ya giza kamera haimwoni, unapata macho mawili yanaelea. Mlishe baada ya picha, si kabla, kwa sababu aliyeshiba analala. Kisha subiri. Wapigapicha wa harusi wanalipwa kwa kusubiri huko huko. Dakika arubaini kwa picha moja si nyingi ikiwa picha hiyo itamtoa mtu sokoni. (Tumeandika mtu. Tunaacha hivyo hivyo.)

Tukija kwa wageni: wanakuja na kamera zenye bei ya pikipiki, wanampiga paka aliyelala kwenye mlango wa kuchonga, picha inauzwa kadi, inauzwa kalenda. Nzuri sana. Yule paka wa kadi bado anagombea utumbo wa changu Malindi, na safari hii ana mimba. Hatuwazuii kupiga. Tunasema anayepata riziki kwa uso wa paka wa kisiwa hiki, awe mgeni au mwenyeji mwenye duka la zawadi Gizenga, atoe gharama ya kumfunga kizazi paka mmoja kwa kila msimu. Kamwe hatufilisiki kwa hilo.

Maana picha bila kufunga kizazi ni kuteka maji kwa pakacha. Paka hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65 tu, na mtoto wa kike aweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5, wakati sisi bado tunamwita kitoto. Unampatia mmoja nyumba, watano wanazaliwa chini ya ngazi. Kwa hiyo mpangilio uwe huu: daktari kwanza, picha baadaye. Ukimwona paka wa mtaani kakatwa ncha ya sikio, usiseme kaonewa, hiyo ni alama kwamba ameshafungwa kizazi. Na vitoto visiondolewe kwa mama kabla ya wiki 8, hata picha ikiwa nzuri vipi na shangazi wa Pemba akililia vipi.

Limebaki la wale wanaotuambia taswira za viumbe zina makatazo. Wanazuoni wamelizungumza, wamekhitalifiana juu ya picha ya kamera, na sisi si masheikh, anayetaka fatwa akaulize kwa wenyewe. Ila tunachekeshwa kidogo na dada anayetukataza picha ya paka hali simu yake imejaa picha 400 za uso wake mwenyewe, zote mdomo umebenuliwa. Na anayesema mbwa haingii nyumbani, sawa, hakuna aliyemwomba amlaze chumbani. Yako mashamba yanayohitaji mlinzi, na dini yenyewe imemruhusu wa ulinzi na wa mifugo. Mbwa koko wa Jambiani aliyetulia, aliyechanjwa, akipigwa picha nzuri amesimama kwenye shamba, huenda akapata mwenye shamba. Asipopigwa, anapata mawe.

Tumesema yetu. Jumamosi asubuhi tunaanza na paka sita walioko barazani kwa bibi mmoja jirani yetu, wote wameshapita kwa daktari, mmoja chongo, wawili weusi. Khanga nyepesi tunazo. Tunachokosa ni mtu mwenye simu yenye kamera nzuri na goti lisilouma, na nyumba sita.